Shata kwenye trei: shajara ya mradi wa sarafu za fedha za Waanglo-Saksoni

Wiki ya 1: mipaka

Trei ni moja, ina matundu 30, kila tundu lina upana wa milimita 24. Zitakazoingia ni sarafu za fedha zilizofuliwa Uingereza, pamoja na zile za ng'ambo ya Bahari ya Kaskazini zilizotumika Uingereza, kuanzia miaka ya 670 hadi mwaka 796, alipofariki mfalme Offa wa Mercia, mojawapo ya falme za Waanglo-Saksoni, yaani Waingereza wa kale. Sarafu za Waviking haziingii. Vijisarafu vya Northumbria vya karne ya 9, vilivyopungukiwa fedha hadi vikabaki aloi ya shaba, haviingii pia. Dhahabu haiingii kabisa, ingawa hadithi yote inaanzia kwenye dhahabu: shilingi za dhahabu za karne ya 7 zilizidi kuchanganywa fedha mpaka rangi yake ikapauka, na kufikia miaka ya 670 mafundi wakaacha kujifanya, wakafua fedha wazi. Mkusanyaji asiyejiwekea mpaka katika kipindi hiki huishia na kopo la mchanganyiko.

Kwa asiyeijua: shata ni kisarafu kidogo kinene, kipenyo milimita 11 hadi 13, uzito gramu 1 na kitu. Kinatosha juu ya kucha ya kidole gumba. Vitabuni huandikwa sceatta. Waliokitumia wenyewe walikiita peni. Jina la shata lilibandikwa na wasomi wa karne za baadaye, waliolichukua katika sheria za kale za Kent, ambamo shilingi moja ilihesabiwa sawa na shata 20. Ndiyo, shilingi ileile. Neno lililomo mifukoni Dar es Salaam, Nairobi na Kampala ni la Waanglo-Saksoni, na lilipewa noti na sarafu zake Afrika Mashariki mwaka 1921.

Vipindi ni vitatu. Cha kwanza, takriban 680 hadi 710: fedha nzuri, zaidi ya asilimia 90, uzito gramu 1.1 hadi 1.3. Cha pili, 710 hadi miaka ya 750: michoro mingi ajabu, fedha inazidi kupungua, uzito unashuka chini ya gramu 1. Cha tatu ni peni pana na nyembamba za Offa na wenzake. Matundu 22 yametengewa shata, 8 peni pana.

Mpangilio wa kuanzia ni wa herufi. Stuart Rigold alizigawa shata katika makundi ya A hadi Z, kwa kazi alizozitoa mwaka 1960 na 1977, na wauzaji wote wanatumia herufi hizo. Tundu la 1 ni Kundi A, na kuendelea.

Wiki ya 2: vifaa

Mizani ya sonara inayosoma hadi gramu 0.001, na jiwe lake la kuisahihishia. Mizani ya gramu 0.01 inauzwa kila mahali na kwa uzito peke yake inatosha, lakini kwa kipimo cha maji haifai. Sababu iko wiki ya 7. Kalipa ya dijitali yenye midomo ya plastiki, maana ile ya chuma hukwaruza ukingo. Lenzi ya sonara ya mara 10. Vijiti vya meno vya mbao, asetoni safi, maji yaliyokenekwa, bahasha 60 za karatasi isiyo na asidi za milimita 50 kwa 50, kadi za duara 30 za milimita 23.

Kamera ina kihisi chenye upana wa milimita 23.5 na pikseli 6,000 kwa upana, na lenzi ya makro inayopiga kitu kwa ukubwa wake halisi. Hesabu: sarafu ya milimita 12 inapata pikseli 3,000 hivi, zaidi ya kutosha kulinganisha mihuri, yaani vyuma vilivyochongwa ambavyo sarafu zilifuliwa kwavyo. Lenzi inafungwa f/8, si zaidi. Kishawishi ni kuifunga f/16 ili sarafu yote ionekane kali, lakini kwa ukubwa halisi tundu hilo linafanya kazi kama f/32 na nuru inasambaa, nukta ndogo zinayeyuka. Badala yake zinapigwa picha 12, kamera ikisogezwa milimita 0.1 kila mara, kisha programu inaziunganisha.

Jambo moja la kumbukumbu. Wakusanyaji wa Uingereza huandika mwelekeo wa mgongo (upande wa nyuma wa sarafu) dhidi ya uso (upande wa mbele) kwa saa: wakisema saa 6, wana maana mgongo umegeuka juu chini. Kwa msomaji wa Kiswahili saa sita ni mshale kusimama juu kabisa. Tumeandika digrii: 0, 90, 180, 270. Kwenye shata mwelekeo huu haukufuata kanuni moja, kwa hiyo digrii peke yake hazithibitishi wala hazikanushi kitu. Zinaandikwa kwa ajili ya kulinganisha sarafu za muhuri mmoja.

Wiki ya 4: nungunungu watano

Sarafu tano za kwanza ni za Kundi E, ambalo hata Waingereza huliita nungunungu. Uso una mstari uliopinda kama mgongo wa mnyama, na juu yake miiba imesimama. Si mnyama. Ni kichwa cha mfalme wa Kirumi chenye taji, kilichonakiliwa kutoka nakala ya nakala na mafundi ambao hawajapata kuona asili yake, hadi pua ikapotea na nywele zikabaki. Mgongo una mraba wenye duara katikati na vijistari pembeni: huo nao ulikuwa bendera ya jeshi la Kirumi yenye maandishi VOT XX. Kwenye Kundi A bado yanasomeka TOT II. Kwenye nungunungu yamekuwa mapambo matupu.

Nyingi zilifuliwa Frisia, kwenye midomo ya mto Rhine katika Uholanzi ya leo, zikavuka bahari kwa biashara. Ndiyo maana ni rahisi kuliko zote na ndiyo za kuanzia.

Uzito: gramu 1.24, 1.19, 1.08, 1.02 na 0.91. Ya tano ina doa la kijani kibichi ukingoni. Chini ya lenzi ganda la fedha limeinuka na shaba inaonekana ndani yake. Ni ghushi ya zama zilezile: kiini cha shaba kilichovikwa fedha. Haitupwi. Inapata kadi yenye neno GHUSHI YA KALE na inabaki jirani na mwenzake halali, maana hakuna njia bora ya kufundisha jicho.

Kuhusu kuchagua. Muhuri wa kufulia mara nyingi ulikuwa mpana kuliko kipande cha fedha, kwa hiyo kila sarafu imekosa sehemu ya mchoro. Kwenye nungunungu kinachotofautisha aina ni alama zilizo ndani ya mkunjo wa mgongo na zilizo ndani ya mraba. Sarafu chafu yenye mraba kamili ina faida kuliko iliyong'arishwa yenye nusu mraba. Tena kung'aa kwenyewe ni dalili mbaya: fedha iliyokaa ardhini miaka 1,300 haitoki iking'aa kama kijiko.

Wiki ya 7: kipimo cha maji, na kwa nini kilishindikana mara ya kwanza

Nia ilikuwa kujua kiasi cha fedha bila kukwaruza. Fedha safi ina msongamano wa 10.49, shaba 8.96. Sarafu ikipimwa hewani kisha ikining'inia majini, tofauti ya uzito ni maji yaliyosukumwa.

Sasa hesabu ya sarafu ya gramu 1.00. Ya fedha safi inasukuma maji ya gramu 0.095. Nusu fedha nusu shaba: 0.103. Shaba tupu: 0.112. Kati ya fedha safi na fedha nusu kuna gramu 0.008 tu. Mizani inayosoma hadi 0.01 haiwezi hata kuiona tofauti hiyo, na yeyote anayetoa matokeo ya asilimia kwa mizani hiyo anajidanganya.

Kwa mizani ya 0.001 majaribio ya kwanza bado yalitoa majibu ya ajabu: sarafu moja ilisoma 9.1 asubuhi na 10.0 jioni. Sababu zilikuwa mbili. Kwanza povu la hewa chini ya sarafu: kipovu cha milimita 1 kinabeba gramu 0.0005, na vinne vinaharibu kila kitu. Pili uzi: wa pamba hunyonya maji wakati wa kupima. Uzi umebadilishwa kwa nailoni nyembamba ya kuvulia, maji yamechemshwa na kuachwa yapoe ili hewa itoke, tone moja la sabuni ya vyombo limeongezwa kuvunja mvutano wa uso wa maji. Kila sarafu inapimwa mara 5 na kipimo cha katikati ndicho kinachoandikwa. Hata hivyo kosa linalobaki ni asilimia 5 hadi 10 ya fedha, kwa sababu sarafu zina vishimo vya kutu ndani. Matokeo yanaandikwa kwa maneno matatu tu: nzuri, ya kati, duni.

Wiki ya 9: tundu la 6

Sarafu ya kipindi cha pili ilivunjika vipande viwili ilipokuwa ikitolewa kwenye kapsuli ya plastiki. Kapsuli ilikuwa na mpira wa ndani uliobana, na kidole kilisukuma katikati.

Sababu ya kweli haikuwa kidole. Fedha iliyochanganywa shaba ikikaa udongoni muda mrefu, shaba huliwa kwanza kwenye mipaka ya chembe za madini, na kinachobaki ni kama biskuti: umbo zima, nguvu hakuna. Kwa nje hakuna dalili. Sarafu ya gramu 0.8 yenye uso wa kijivu usiolingana na nyufa nyembamba ukingoni ichukuliwe kuwa imeshavunjika, bado tu haijaachana.

Kanuni mpya: hakuna kapsuli za kubana kwa shata. Hakuna kuangusha mezani ili kusikia mlio. Kazi yote inafanyika juu ya taulo lililokunjwa, sarafu inashikwa ukingoni kwa vidole viwili.

Vipande havikugundishwa. Vimetumika kupima: mwale mwembamba wa eksirei katika maabara ulisoma fedha asilimia 88 usoni na 61 kwenye mvunjiko. Tofauti hiyo ndiyo inayowapotosha wanaonunua kwa kuamini cheti cha eksirei cha muuzaji. Mwale unaingia sehemu ndogo sana ya milimita, na ngozi ya sarafu ya kale imekuwa tajiri wa fedha kwa sababu shaba ya juu imeshaoshwa, kwanza na fundi aliyeitia asidi iwe nyeupe, kisha na udongo. Cheti kinasema ukweli kuhusu ngozi peke yake.

Wiki ya 10

Usafishaji: maji yaliyokenekwa siku 3, yakibadilishwa kila siku, kijiti cha meno kwa udongo laini, basi. Asetoni dakika 10 kwa sarafu mbili zilizofika na utando wa kijani unaonata, ambao ni mafuta yanayotoka kwenye vifuko vya PVC. Ile mbinu ya karatasi ya aluminiamu na magadi inafanya kazi vizuri mno: inaondoa weusi na pamoja nao kila kilichokuwa kinasaidia jicho kusoma mchoro. Haitumiki hapa.

Wiki ya 12: sarafu mbili, mkwaruzo mmoja

Tuliweka oda ya Kundi K, aina yenye kichwa na msalaba upande mmoja na mbwamwitu aliyejikunja upande wa pili. Kabla ya kulipa, picha ililinganishwa na nyingine iliyouzwa na muuzaji tofauti miezi kadhaa nyuma. Mihuri ni ileile. Hilo si tatizo. Muhuri mmoja ulifua sarafu nyingi. Tatizo ni kwamba mchoro umekosa katikati kwa kiasi kilekile, ukingo una bonde palepale, na mkwaruzo wa juu ya jicho uko kwenye zote mbili.

Sarafu mbili za muhuri mmoja zinashirikiana vilivyochongwa kwenye muhuri: herufi, nukta, nyufa za chuma. Hazishirikiani kamwe vilivyotokea baada ya pigo la nyundo: umbo la kipande, mkao wa mchoro, mikwaruzo ya matumizi. Zikishirikiana, moja ni mama na nyingine ni nakala, au zote ni nakala za mama asiyeonekana.

Namna ya kulinganisha: picha mbili ziwekwe kwa tabaka, ya juu ififishwe hadi asilimia 50, zungusha na kupanua hadi macho na msalaba vikutane, kisha fuata ukingo. Dakika 10. Dalili nyingine, zikiwa na uzito mdogo zaidi: vishimo vya mviringo vya povu la kumiminia, mshono kwenye ukingo, nukta zilizolala kama siagi badala ya kusimama. Uzito hausaidii sana, kwa kuwa wanaoghushi nao wana mizani. Oda ilifutwa.

Wiki ya 15: trei inavunjwa

Sarafu 17 zimeshaingia na trei haisomeki. Kosa ni letu: tumepanga kwa herufi, na herufi za Rigold ni majina ya mafungu tu, kama namba za mafaili. A, B na C ni za Kent na jirani zake. D na E zinaruka bahari kwenda Frisia. H ni Hamwic, mji wa zamani chini ya Southampton ya leo. L ni London. R ni Anglia Mashariki. X inahusishwa na Ribe, Denmark. Y ni Northumbria. Kwenye trei ya herufi, Denmark inakaa bega kwa bega na Northumbria, na fedha safi ya mwaka 690 inafuatwa na ya 740 iliyojaa shaba. Mtu anaona alfabeti tu. Biashara ya bahari, kilimo, wafalme na upungufu wa fedha havionekani.

Mpangilio mpya: safu ni mahali, kuanzia kusini kwenda kaskazini, na ndani ya safu ni muda. Nungunungu wamehamishiwa safu ya pekee upande wa kulia, upande wa bahari.

Lakini mpangilio huo unadai kitu ambacho sarafu zetu nyingi hazina: mahali zilipookotwa. Kati ya 17, ni 7 tu. Shata nyingi hazina jina la mfalme wala la mji. Tunajua aina fulani ni ya Hamwic kwa sababu wachimbaji wa mambo ya kale wameitoa kwa wingi katika udongo wa Hamwic, na kwingineko hutokea chache. Kundi X nalo lilihusishwa na Denmark baada ya mrundikano wa Ribe kuhesabiwa. Elimu yote ya shata imejengwa kwa kuhesabu mashimo mashambani, na kila sarafu iliyouzwa bila kutajwa ilipotoka ni tofali lililoondolewa ukutani.

Wiki ya 16 hadi 19: kutafuta asili

Makumbusho ya Fitzwilliam, Cambridge, yana hifadhidata ya sarafu zilizookotwa moja moja visiwani Uingereza, zilizotengenezwa kati ya mwaka 410 na 1180. Kila moja ina namba, picha, uzito na mahali. Mpango wa serikali wa kuandikisha vitu vinavyookotwa, ulioanza 1997 na kuratibiwa na Makumbusho ya Uingereza, una hifadhidata yake. Zote mbili ni bure.

Hatua: tafuta kundi na aina, punguza kwa uzito, plasi na minasi gramu 0.03, kisha angalia picha moja moja ukifuata ukingo, si mchoro. Ukingo wa shata ni kama alama ya kidole. Uzito usiaminiwe kupita kiasi, kwa sababu sarafu iliyosafishwa baada ya kuandikishwa imepungua. Kwa njia hii sarafu 3 zaidi zimepata asili, mojawapo ikiwa imeandikwa na muuzaji kuwa ya Kent huku kumbukumbu ikisema Lincolnshire.

Tahadhari za ramani. Nukta ziko nyingi pale ambapo kuna mashamba yanayolimwa kila mwaka na wakulima wanaoruhusu watu wenye vifaa vya kutambua metali. Miji iko chini ya lami. Ardhi ya malisho haipinduliwi. Kukosekana kwa nukta si kukosekana kwa sarafu.

Na sheria, maana ndipo wageni wanapojikwaa. Chini ya sheria ya hazina ya 1996, sarafu mbili au zaidi kutoka pamoja, zenye umri wa zaidi ya miaka 300 na dhahabu au fedha angalau asilimia 10, ni hazina na lazima ziripotiwe ndani ya siku 14. Sarafu moja pekee kwa kawaida si hazina. Kwa hiyo muuzaji anayetoa shata sita zenye udongo wa rangi moja, kila moja kwa tangazo lake, aulizwe maswali. Na aliye Mombasa, Muscat au Toronto akumbuke kwamba kitu kilichotoka ardhini Uingereza huweza kuhitaji kibali cha kutoka nchini; maombi hupelekwa Arts Council England. Muulize muuzaji nani atashughulikia kibali kabla pesa haijatoka.

Kadi ya kila tundu sasa ina mistari hii: kundi na aina, gramu, kipenyo, digrii, mahali ilipookotwa na namba ya kumbukumbu, au neno HAIJULIKANI kwa herufi kubwa. Mwanzo tulikuwa tunaacha mstari wa mahali wazi. Nafasi wazi haimsumbui mtu, neno linasumbua.

Wiki ya 20

Imeingia ya Kundi R, Anglia Mashariki, yenye runi, yaani herufi za kale za kaskazini mwa Ulaya, mbele ya uso: EPA. Runi zilichongwa kwa mistari iliyonyooka, na kwenye nakala duni P hufunguka na kusomeka vibaya. Jina lingine la kawaida kwenye kundi hilo ni Wigræd. Ni majina ya mafundi, si wafalme. Tundu la Northumbria limejazwa na ya Eadberht, aliyetawala 737 hadi 758: upande mmoja jina lake, upande wa pili mnyama anayetembea. Northumbria ilitangulia wote kwa hili. Aldfrith, aliyefariki karibu na mwaka 704, aliweka jina lake kwenye fedha wakati kusini bado walikuwa wakinakili nywele za Warumi. Ya Aldfrith ni adimu na tundu lake bado tupu.

Wiki ya 23: peni pana

Mwaka 755 mfalme Pippin alirekebisha sarafu za Wafranki, waliotawala Ufaransa ya leo, akafanya peni kuwa pana na nyembamba na kurudisha fedha nzuri. Uingereza ikafuata. Daraja la kati ni Beonna wa Anglia Mashariki, ambaye sarafu zake zilikuwa chache mno hadi akiba iliyofukiwa Middle Harling, Norfolk, ilipofumuliwa miaka ya 1980. Kisha Offa. Kipenyo kinaruka kutoka milimita 12 hadi 17 hivi, uzito gramu 1.2 hadi 1.3, na takriban mwaka 792 ukapandishwa tena kwa toleo zito.

Zimeingia peni 4. Kila moja ina jina la mfalme usoni na la fundi mgongoni. Moja ni ya Ibba. Hitilafu ni tofauti kabisa na za shata. Hapa tunatafuta mikunjo iliyonyooshwa, ambayo huonekana kama mstari mweupe ukiinamisha sarafu chini ya taa, na matundu yaliyozibwa, kwa kuwa nyingi zilitobolewa zikavaliwa kama mapambo. Kizibo hujulikana kwa mwanga wa pembeni: mchoro unapita juu yake ukiwa umechorwa kwa sindano badala ya kupigwa. Moja ina ufa wa milimita 4, imewekwa juu ya karatasi nene na haitageuzwa tena, picha zipo.

Tundu la Cynethryth, mke wa Offa, malkia pekee wa Waanglo-Saksoni aliyefuliwa sarafu kwa jina lake, liko nje ya uwezo wa mradi. Fundi wake alikuwa Eoba, na peni ya Eoba kwa jina la Offa inaweza kukaa jirani na tundu tupu.

Dhahabu haiingii kwenye trei, ila kadi yenye picha ya dinari ya Offa imewekwa kifunikoni. Asili iko Makumbusho ya Uingereza. Ni nakala ya dinari ya khalifa al-Mansur ya mwaka 157 wa Hijria, yaani 773 au 774, na katikati ya maneno Muhammad rasul Allah pamepachikwa OFFA REX, herufi za Kilatini zikiwa juu chini ukilinganisha na Kiarabu. Aliyepita chuoni akiwa mtoto ataona mara moja kwamba mchongaji hakujua anachonakili: mistari ameipata, harufu ya mwandiko ameikosa. Ni ugonjwa uleule wa nungunungu, ila huyu aliwahi kuona asili yake.

Wiki ya 27: weusi

Sarafu 5 za safu ya chini zimepata rangi ya njano inayoelekea bluu kwa upande unaogusa kitambaa. Kitambaa cha trei ni sufu, na sufu ina salfa. Salfa na fedha hazikai nyumba moja. Muuzaji wa trei alikitaja kuwa salama.

Kila nyenzo sasa inajaribiwa kwanza: kipande cha gramu 2 kwenye chupa ya kioo, kibati cha fedha kilichong'arishwa kikining'inia bila kugusa, tone la maji, kifuniko kikali, joto la 60 kwa siku 28, na chupa ya pili isiyo na nyenzo kwa kulinganisha. Kitambaa cha zamani kilitia kibati weusi kabla ya siku ya 10. Karatasi isiyo na asidi ilipita. Mbao za mwaloni hazijajaribiwa kwa sababu asidi yake inajulikana. Trei hii ni ya mahogani. Mipira ya kufungia na magazeti havikai kabati moja na fedha.

Kwa anayehifadhi pwani: sanduku lenye mpira wa kuzuia hewa na gramu 200 za silika jeli, pamoja na kipima unyevu ndani yake. Lengo ni chini ya asilimia 40. Silika inayobadilika rangi ikaushwe kwenye oveni rangi inapogeuka, isingojewe mwezi uishe.

Sarafu 5 hazikusafishwa. Utando ni mwembamba na umesimama baada ya kitambaa kuondolewa.

Wiki ya 31: hali ilivyo

Matundu 23 yamejaa, pamoja na la vipande viwili: shata 19, peni pana 4. Zenye mahali panapojulikana ni 13. Ununuzi umesimamishwa kwa nungunungu wowote usio na namba ya kumbukumbu.

Yaliyobaki, kwa mpangilio: kupiga upya picha za sarafu 6 za mwanzo, zilizopigwa kwa taa mbili na kupoteza vivuli, kutuma kwa wauzaji wa awali picha za sarafu ambazo asili yake haijulikani, pamoja na ombi la bahasha au kadi ya zamani kama wanayo, kujaribu karatasi ya kadi kwa siku 28, na kusogeza safu ya London tundu moja kushoto, kwa kuwa Kundi L lenye LVNDONIA limefika likiwa na herufi LVND tu ndani ya ukingo na linahitaji kadi ndefu zaidi.